FEDHA ZA MAFURIKO NI FEDHA ZETU

(Hotuba ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa Migori na Homa Bay. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria mkutano.)



Mwenyekiti ameniomba nieleze jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiuliza: zile fedha za Serikali zinazosemwa kuwa ni za kuwakinga watu na mafuriko na ukame zatoka wapi, zapita mikononi mwa nani, na sisi wafanyakazi tuna haki gani juu yake. Nitatumia hesabu, maana jambo la fedha lisilo na hesabu ni porojo.

Wako ndugu wanaosema kwamba Chama ni cha mishahara, na kwamba mambo ya mito na ziwa ni ya chifu na wazee wa kijiji. Hebu tuangalie. Mto Kuja, ambao juu huko huitwa Gucha, ukivimba katika Nyatike, ni nani anayekosa mshahara? Kibarua wa mpunga katika mashamba ya maji ya Lower Kuja hana kazi, kwa sababu shamba limelala chini ya maji. Mkata miwa hulipwa kwa tani alizokata. Lori lisipopita, hakati, na asipokata hali. Mama anayekausha omena ufukoni hana pa kuianika. Mwalimu akifika shuleni akuta darasa limejaa familia zilizohama makwao. Wiki mbili za mafuriko ni nusu ya mshahara wa mwezi. Kama mwajiri angetukata nusu ya mshahara tungejaa ofisini kwake asubuhi yake. Basi mto unapoikata, tusiseme ni mapenzi ya Mungu tukarudi kulala.

JINSI MAMBO YALIVYO

Mto Kuja waanza katika vilima vya Kisii na Nyamira, wapokea maji ya Mto Migori, kisha washuka katika uwanda wa Nyatike na kuingia ziwani. Ndiyo sababu mtu wa Nyatike aweza kuona jua mchana kutwa na usiku akaamshwa na maji. Mvua ilinyesha kwa jirani yake wa mbali. Upande wa Homa Bay, Mto Sondu Miriu wafika ziwani mpakani na Kaunti ya Kisumu, na watu wa Wang'chieng huko Karachuonyo wayajua maji yake vizuri. Tena liko ziwa lenyewe.

Wazee wetu wanazikumbuka mvua za mwaka 1961. Kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, na wengi waliokaa kando yake walihama. Mwaka 2020 ziwa lilifika tena karibu na kimo kile, likafunika fuko za wavuvi, mashamba na nyumba. Mwaka 2024, katika mvua za Machi hadi Mei, watu karibu 300 walikufa kwa mafuriko katika Kenya nzima. Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ikizidi joto hubeba maji mengi zaidi, na mvua kubwa huwa kubwa kupita ilivyokuwa. Na joto hilo latokana zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi nyingine. Afrika nzima haitoi hata sehemu nne katika mia ya moshi wa dunia. Deni hili hatukulikopa sisi, lakini sisi ndio tunaolipa kila masika.

Wala tusiambiwe kwamba mto huu hauwezi kugharamiwa. Ulipohitajiwa na mgodi, fedha zilionekana. Kituo cha umeme cha Gogo juu ya Mto Kuja kilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuupelekea umeme mgodi wa Macalder. Mgodi ulipewa ukuta wa saruji mtoni. Mkulima na kibarua wa chini ya mto ule wakaachiwa majembe wajikinge wenyewe.

FEDHA ZATOKA WAPI

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabia Nchi. Sheria hiyo iliziwekea kaunti wajibu wa kuingiza mambo haya katika mipango yao. Kisha, Oktoba 2021, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango unaoitwa kwa herufi FLLoCA, ambao shabaha yake ni kwamba wananchi wa mahali ndio wachague kazi za kufanywa. Ujerumani, Denmark na Uswidi nazo zimetia mkono, na Serikali yetu imetoa sehemu yake.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Zile dola milioni 150 ni mkopo. Masharti yake ni nafuu, lakini mkopo ni mkopo. Utalipwa kwa kodi inayokatwa katika mshahara wako kabla hujauona, na kwa ushuru ulio ndani ya bei ya sukari, mafuta na sabuni. Atakayekuja na kibao cha rangi kwenye kisima akasema, "Tumewaletea msaada," mwambieni kwa adabu kwamba mnamshukuru kwa kazi, ila fedha ni zenu, na mngependa kuona hesabu.

Ili kaunti ipate fungu lake, ni lazima iwe na sheria yake ya mfuko wa tabia nchi, iwe na kamati za kupanga katika kila wadi, na itenge yenyewe angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo. Kila mwaka hukaguliwa, na kaunti isiyotimiza masharti hukosa.

HESABU YA WADI 40

Njia hii ya kupitishia fedha katika wadi ilijaribiwa kwanza Isiolo, kisha Makueni, Kitui, Garissa na Wajir. Huko kanuni ilikuwa kwamba asilimia 70 ya mfuko iende kwa kazi zilizochaguliwa na wadi, asilimia 20 kwa kazi za kaunti nzima, na asilimia 10 kwa uendeshaji. Ni kanuni nzuri, maana yazuia fedha kuishia katika semina za mahoteli.

Lakini tupige hesabu ya mfano. Tuseme kaunti ina bajeti ya maendeleo ya shilingi bilioni 2. Asilimia 1.5 ni shilingi milioni 30. Asilimia 70 ya hizo ni milioni 21. Migori ina wadi 40, na Homa Bay kadhalika wadi 40. Gawanya milioni 21 kwa 40, wapata shilingi 525,000 kwa wadi moja. Hata fungu la mkopo likizidisha fedha hizo mara kadhaa, kwa fungu la wadi moja waweza kuchimba kisima, kupanda miche, kutengeneza josho au kivuko. Huwezi kuuzuia Mto Kuja.

Hapa ndipo neno langu kubwa la leo lilipo. Mto haujui mipaka ya wadi. Tukigawana sawa kwa sawa ili kila mheshimiwa apate kitu cha kufungua kwa utepe, tutakuwa na vitu vidogo 40, na maji yatakuja vile vile. Wadi zilizo katika mto mmoja lazima zikubaliane, ziunganishe mafungu yao kwa kazi moja, na zile za juu zikubali kungoja zamu. Nani anayeweza kuwashawishi watu wa wadi tatu au nne wakae pamoja bila kutazama ukoo wala chama cha siasa? Sisi. Mwanachama wa Rongo na mwanachama wa Macalder wamo katika kitabu kimoja cha ada. Kazi ya kuungana ndiyo ufundi wetu.

TUTA NA MATENGENEZO YAKE

Watu wa Nyatike wamedai matuta ya Kuja kwa miaka mingi, na madai yao ni ya haki. Lakini tujifunze kwa wenzetu wa Budalangi, Kaunti ya Busia, kwenye Mto Nzoia. Matuta yao ni ya tangu kabla ya wengi wenu kuzaliwa, na mara kwa mara yamepasuka, na watu wakahama na kurudi, wakahama na kurudi. Tuta la udongo huliwa na panya, hukanyagwa na ng'ombe, hulimwa pembeni, na mvua hulila kidogo kidogo. Lataka fedha za matengenezo kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenzetu wa Nzoia wameujenga ukuta zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tukiona mradi wa tuta katika bajeti, tuulize mara ile ile: fungu la kulitunza liko ukurasa gani?

Tena tuta peke yake halitoshi. Miti ya kingo za mto huko Kisii na Nyamira hupunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwetu. Shilingi ya Migori haiwezi kuvuka mpaka kwenda kupanda mti Nyamira bila mapatano. Kaunti hizi nne zimo pamoja katika umoja wa kaunti za eneo la Ziwa. Basi magavana wanapokutana, walizungumze jambo hili, na matawi yetu ya huko juu yawakumbushe.

KAZI NI KAZI

Ndugu wengine wanapata riziki kwa kuchota mchanga mtoni. Hao ni wafanyakazi wenzetu, ingawa hawana kadi. Twajua kwamba kuchimba kingo hulegeza mto. Kuwafukuza kwa askari bila kuwapa kazi nyingine ni kuwahamisha tu kutoka sehemu moja ya mto hadi nyingine. Wao wawe wa kwanza kuandikwa kazi ya kujenga matuta na kupanda kingo.

Na kazi hiyo ilipwe. Husemwa mara nyingi kwamba "wananchi watachangia nguvu zao". Mkandarasi halipwi kwa nguvu za kuchangia, mhandisi halipwi hivyo, wala muuza saruji. Kwa nini mwenye koleo peke yake ndiye ajitolee? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zikijumlishwa zinafikia mwezi mmoja ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi, na apate haki zake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka ule ule, yamhusu na kibarua pia. Anayesimama ndani ya maji kiunoni akipanga magunia ya mchanga apewe viatu vya mpira na awe na bima.

MASWALI

Ndugu mmoja ameuliza: tutajuaje fedha zimefika? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 201 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Tena Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa za matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti zake. Tawi lizisome na kuzitafsiri kwa lugha ya wanachama.

Ndugu mwingine ameuliza: mbona tukienda kwenye mikutano ya bajeti twakuta mambo yamekwisha kukatwa? Kwa sababu twaenda tumechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mtu anayekuja Juni kudai tuta ni kama mtu anayekuja stendi basi likiwa limeondoka. Tuta hudaiwa Agosti, wakati wa jua, wakati hakuna anayefikiri juu ya mafuriko.

TUFANYE NINI

Naleta mbele yenu mambo manne, muyakubali au myakatae kwa kura.

Kwanza, kila wadi yenye wanachama wetu ichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, wahudhurie mikutano ya kamati ya tabia nchi ya wadi, na walete taarifa katika mkutano wa tawi.

Pili, tawi liziandikie kaunti zote mbili kabla ya mwisho wa Agosti, likitaka wadi za mto mmoja ziunganishe mafungu yao, na kila tuta liwe na fungu la matengenezo.

Tatu, tudai kwamba katika kila mkataba wa kazi hizi, kima cha mshahara, bima na idadi ya watu wa mahali watakaoandikwa vibandikwe ubaoni.

Nne, katika mapatano yetu yajayo na waajiri, tuingize kifungu cha siku za mafuriko, ili mtu asiyeweza kufika kazini kwa sababu barabara imefunikwa na maji asihesabiwe kuwa mtoro.

Ndugu wanachama, mvua itanyesha tena. Hatuwezi kufanya mgomo dhidi ya mvua. Lakini fedha zina njia, zina tarehe na zina watu wanaotia sahihi, na hayo yote twaweza kuyafikia kama tulivyoufikia mshahara: kwa kuhudhuria, kwa kuhesabu, na kwa kutoachana njiani.

Umoja ni nguvu.