Uzito wa Kifyatulio na Uzito wa Dhamiri

Mada iliyotolewa katika semina ya vikundi vya Haki na Amani



Tunapozungumza juu ya silaha, mara nyingi tunahesabu bunduki na kuwahesabu waliokufa. Leo tunaomba tutazame kitu kidogo zaidi: kifyatulio cha bastola, kile kipande ambacho kidole hukivuta. Tumechukua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko raia wengi humiliki bastola kwa mujibu wa sheria, na jambo hili limejadiliwa hadharani na kufikishwa hata mahakamani.

1. Jambo lenyewe

Kila kifyatulio kina uzito wake, yaani nguvu ambayo kidole hulazimika kutumia mpaka risasi itoke. Bastola ya Glock, iliyobuniwa nchini Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kawaida hutoka kiwandani ikihitaji nguvu ipatayo kilo 2 na nusu. Lakini yako makampuni mengine yanayouza springi na vipuri vya kubadilisha kifyatulio hicho, ili kiwe chepesi na kivutike kwa mwendo mfupi.

Wanunuzi hawakosi sababu. Kidole kinapokaza sana, mkono hutikisika na risasi huenda upande. Anayeshindana kulenga shabaha katika uwanja uliozungushiwa uzio ana haki ya kutaka chombo kinachomtii. Hatuwahukumu watu hao. Twasema tu kwamba bastola hiyo ikitoka uwanjani ikaingia nyumbani au mfukoni, nguvu iliyopunguzwa imepunguza pia nafasi iliyopo kati ya kushtuka na kuua.

2. Kidole cha mtoto

Katika jimbo la Massachusetts, kanuni zilizotungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 humtaka mwuzaji wa bastola ahakikishe kwamba mtoto wa kawaida wa miaka mitano hawezi kuifyatua. Njia mojawapo iliyotajwa ni kuufikisha uzito wa kifyatulio kilo 4 na nusu hivi. Tazameni hekima iliyomo: watunga kanuni hawakuanza na mpiga shabaha hodari, walianza na aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Lakini kanuni hizo zimeandikwa kwa wauzaji. Mnunuzi akiisha kufika nyumbani na kuweka springi nyepesi, ulinzi ule umeondoka, na mtoto hana habari.

3. Kidole cha askari

Mwaka 1993 polisi wa jiji la New York walianza kuziacha bastola zao za zamani na kuchukua bastola mpya za risasi nyingi. Kwa kuogopa risasi zisizokusudiwa, waliwekewa vifyatulio vizito, vya zaidi ya kilo 5. Je, hapo shida ilikwisha?

Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia risasi 16 mtu mwenye silaha aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Wako waliosema kwamba kifyatulio kizito kilichangia kupotosha shabaha.

Tarehe 20 Novemba 2014, katika ngazi zenye giza za nyumba za kupanga huko Brooklyn, askari mgeni kazini alikuwa ameichomoa bastola yake. Alishtuka, risasi ikatoka, ikagonga ukuta na kumwua Akai Gurley, kijana wa miaka 28 asiye na silaha wala kosa. Katika kesi ya mwaka 2016, wananchi walioteuliwa kuamua kesi walipewa nafasi ya kukivuta kifyatulio cha aina hiyo kwa vidole vyao wenyewe, wakaona ugumu wake. Walimtia askari hatiani kwa kuua bila kukusudia. Baadaye hakimu alilipunguza kosa, na askari hakufungwa. Alipewa miaka 5 ya uangalizi na saa 800 za kazi za jamii.

4. Tunajifunza nini?

Ndugu wapendwa, kifyatulio chepesi huweza kuua kwa urahisi mno, na kifyatulio kizito huweza kumkosa mlengwa na kumpata asiyehusika. Hakuna springi iliyo nyepesi wala nzito kiasi cha kuchukua mahali pa dhamiri. Askari wa Brooklyn hakuhitaji springi nyingine. Alihitaji kidole kilichokaa nje ya kifyatulio, na kabla ya hapo, sababu ya kweli ya kuichomoa silaha.

Hata hivyo tusiseme kwamba chombo hakina maana. Anayekigeuza kwa hiari yake, kwa fedha yake, ajue kwamba amejitwalia wajibu ambao kiwanda na sheria vilikuwa vimemsaidia kuubeba. Haki huuliza nani atalipa kosa likitokea. Mara nyingi hulipa yule ambaye hakununua kitu: mtoto, jirani, mpita njia, kijana anayeshuka ngazi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni vitu gani majumbani mwetu tunavyovifanya vyepesi kwetu, vikawa hatari kwa wadogo?
2. Katika kesi ya Brooklyn, haki ilitendeka kwa marehemu? Na kwa askari?
3. Sheria iishie kwa mwuzaji, au imfuate mnunuzi hadi nyumbani kwake?