Mninga Hutangulia Kujenga Mzizi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kasulu na Kibondo



Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, mhunzi hana budi kutafuta koleo jingine. Kuusifu uvumilivu tu hakufui jembe. Chama kilichoshindwa nacho chahitaji kujua la kufanya katika miaka ya kuvumilia. Somo hilo limo katika misitu ya miombo ya Kasulu na Kibondo.

Kila mkulima huufahamu mninga kwa mbao zake na kwa utomvu wake mwekundu kama damu. Ni wachache wanaoutazama ungali mche. Mbegu huota wakati wa mvua, ikatoa majani machache. Kiangazi kifikapo, shina lile jembamba hukauka hadi chini, na mara nyingi moto wa porini humaliza kilichosalia. Mpita njia husema umekufa. Mvua zirudipo huchipua palepale, na kiangazi kingine hukauka tena. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi. Lakini kila msimu majani yale machache hutengeneza chakula, na chakula hicho huwekwa mzizini. Mzizi ukishapata akiba ya kutosha, shina hurefuka kwa kasi mpaka likapita kimo cha moto.

Ushirika wa nchi yetu ulipatwa na kiangazi cha namna hiyo. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kwamba chama ni mali ya wanachama wanaojiunga kwa hiari. Maghala na mizani peke yake havingeuhuisha ushirika. Walihitajika watu wanaojua kukutana, kuhesabu na kuhoji. Huo ndio mzizi.

Basi na tutazame chama kilichokusanya maharage kwa ahadi ya malipo ya pili. Bei ikaanguka, malipo hayakufika. Msimu uliofuata mwanachama akamwuzia mlanguzi shambani, kwa bei hafifu, kwa kuwa watoto walihitaji ada. Hakuna haki ya kumwita msaliti. Viongozi wengine, kwa kutaka kufuta aibu, hukimbilia mkopo wa kujenga ghala kubwa. Hilo ni shina refu juu ya mzizi mwembamba. Kiangazi kimoja chatosha kuliangusha.

Njia iliyo salama ni hii. Kwanza, katibu asome deni la kila mwanachama mbele ya mkutano mkuu, bila kungoja aulizwe. Moto uwashwao mapema, majani yangali na unyevu, huunguza kidogo. Ule wa mwisho wa kiangazi huangamiza. Habari mbaya nayo ni hivyo hivyo. Pili, chama kinunue kiasi kile tu kinachoweza kulipiwa taslimu, hata yakiwa magunia kumi. Tatu, katika ziada yoyote itakayopatikana, sehemu itengwe kulipa madeni ya zamani na kukuza akiba, kabla ya posho na sherehe.

Msimu wa namna hiyo hautaonekana wa fahari, na baadhi ya wanachama watacheka. Lakini mwanachama aliyelipwa gunia moja kwa wakati ataleta mawili mwakani, na jirani yake atamwuliza alilipwa lini. Imani hurudi kwa njia hiyo, gunia kwa gunia.

Kila chama, katika mkutano wake ujao, kijiulize: msimu uliopita, hata kama ulikuwa wa hasara, uliongeza nini mzizini? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, lisomwe tena mwakani.