Amekosa Hesabu au Amekosa Lugha?



Kwa ndugu zetu wa Old Korogwe, kama Bara yote, Kiswahili kilifanywa lugha ya kusomeshea shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki somo la peke yake. Kwetu Visiwani, Sera ya Elimu ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto akikosa jibu, tutajuaje kama amekosa hesabu au amekosa lugha?

Hatukipingi Kiingereza, twakitaka. Lakini mwalimu afunzwe kwanza, vitabu vipatikane, na kila neno geni lielezwe kwa Kiswahili. La sivyo, mtoto wa mvuvi atakosa vyote viwili. Tudai haki hiyo.