Kabla Hujamwita Mbunifu wa Bustani

Leo tunazungumza nawe uliyemaliza kujenga Dar es Salaam, ukabakiwa na uwanja wa mchanga mtupu, na sasa unataka mtaalamu akubunie bustani.

Kabla hajafika, pima eneo, na kama masika yamekukuta, piga picha mvua ikinyesha. Mbunifu mzuri huanza kwa kuuliza maji yanatuama wapi. Anayeanza na maua, mimi humtilia shaka. Bajeti yako mtajie waziwazi. Ukimficha, atakuchorea chemchemi na taa, nawe utalipia mchoro wa kuweka kabatini.

Dai mchanganuo: ada ya mchoro kivyake, mitaro, mabomba na vitofali vya njia kivyake, kisha udongo, samadi na miche. Mara nyingi fedha humezwa na vitofali na mabomba, wala si maua. Tenga pia kama asilimia 10 ya dharura.

Halafu maji, ambayo wengi huyasahau kabisa. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi ukoka wa mita 100 za mraba, ukiunywesha milimita 5, umekunywa lita 500. Tangi la lita 1,000 limekwisha kwa mara mbili, na hapo hujafua wala kuoga!

Fedha zikipungua, fanya kwa awamu: mitaro na mabomba kwanza, miti ya kivuli mvua zikianza, ukoka baadaye. Na ujira wa mtunza bustani uingie kwenye hesabu tangu sasa.