Mzee Aliyeuliza: Nikiacha Sigara Leo, Napata Nini?

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]



Wiki iliyopita mzee mmoja alinisimamisha njiani, sigara mkononi. Akaniambia: "Kijana wangu, ninyi wa redio mnatuambia tuache sigara. Mimi nimevuta tangu ujana. Nikiacha leo, napata nini?" Nikamwomba wiki moja. Mzee wangu, jibu nimelipata kwa daktari Mwingereza aliyeitwa Richard Doll.

Doll alizaliwa mwaka 1912. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliona vifo vya saratani ya mapafu, yaani kansa, vinaongezeka mwaka hadi mwaka. Doll na mwenzake Austin Bradford Hill, mtaalamu wa takwimu, wakapewa kazi ya kutafuta chanzo. Mwanzoni Doll alidhani ni lami ya barabara au moshi wa magari. Sigara hakuitilia shaka sana. Wakati ule wanaume wengi walivuta, madaktari pia, na yeye mwenyewe alikuwa mvutaji.

Hawakutaka kukisia. Walituma watu katika hospitali 20 za London, wakaketi na wagonjwa na kuwauliza. Kwa kila mgonjwa wa kansa ya mapafu, waliuliza pia mgonjwa wa maradhi mengine, wa umri unaokaribiana. Maswali yalikuwa yaleyale. Je, unavuta? Ulianza lini? Sigara ngapi kwa siku?

Matokeo yalitoka mwaka 1950. Kati ya wanaume 649 wenye kansa ya mapafu, ambao hawakuwa wavutaji walikuwa 2 tu. Katika kundi la pili, pia la wanaume 649, walikuwa 27. Na kadiri mtu alivyovuta nyingi, ndivyo hatari ilivyopanda.

Sikiliza na hili. Kulikuwa na wagonjwa waliodhaniwa wana kansa ya mapafu walipoulizwa maswali, baadaye ikaonekana hawana. Majibu yao yakafanana na ya kundi la pili. Hapo Doll akaona kwamba waulizaji hawakuwa wameyapindisha majibu.

[Muziki mfupi]

Doll alifanya nini? Hakungoja kazi iishe. Aliacha sigara.

Watu wengi hawakuamini. Kwa hiyo mwaka 1951 yeye na Hill waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza, wakiwauliza kuhusu uvutaji wao. Zaidi ya 40,000 walijibu. Kisha ikaanza kazi ya subira: kufuatilia nani anaishi, nani amefariki, na kwa ugonjwa gani. Madaktari wanaume walifuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo ya miaka hiyo yote yalichapishwa mwaka 2004, Doll akiwa na miaka 91. Alifariki mwaka uliofuata.

Sasa mzee wangu, sogea karibu na redio. Madaktari walioendelea kuvuta waliishi pungufu kwa miaka kama 10 hivi kuliko wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa miaka 3 hivi. Aliyeacha akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 40, miaka 9. Na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10. Hizo ni hesabu za wastani, hakuna anayejua siku yake. Ila hata kwa mwenye mvi, kuacha kuna faida.

Na ninyi vijana mnaonunua sigara moja moja pale kibandani, mmesikia. Miaka hiyo 10 bado mnayo mkononi.

Tusimnyooshee mgonjwa kidole. Wapo wanaopata kansa ya mapafu bila kuvuta hata mara moja. Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, au ukitema damu, usikae nyumbani ukinywa dawa za kubahatisha. Nenda zahanati upimwe. Huenda ni kifua kikuu, na hicho kinatibika.

Mzee wangu, wiki ijayo nitapita njia ileile. Natumaini nitakukuta mikono mitupu, tusalimiane.

[Muziki wa kufungia]