Asali Yetu Ikipimwa, Itasema Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji nyuki, Kanyangi)

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloweza kuvunja kikundi upesi kuliko ukame: asali iliyochanganywa na sukari.

Mnajua inavyokuwa. Mtu ana nusu debe. Anachemsha sukari na maji, anaongeza, debe linajaa. Kisha asali ya wote inamiminwa katika pipa moja. Mnunuzi akigundua hatauliza debe lilikuwa la nani. Atakataa pipa lote, pamoja na jasho la mama mjane ambaye hakuongeza hata kijiko.

"Lakini atajuaje?" Hapa nyumbani tunachovya njiti ya kiberiti katika asali tuone kama itawaka, au tunadondosha asali ndani ya glasi ya maji. Ndugu zangu, vipimo hivi visitumike kumhukumu mtu. Njiti ikikataa kuwaka, labda asali ina maji mengi tu. Na maji ya sukari yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito nayo huzama vilevile. Tutamshtaki mwenzetu bure na kumwacha mdanganyifu.

Maabara huangalia mambo kadhaa. La kwanza ni maji: kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka yasizidi 20 kwa mia. Yakizidi, asali huchacha. La pili ni sukari ya aina ile ya dukani: kwa asali nyingi isizidi gramu 5 katika gramu 100. La tatu ni kaboni iliyomo ndani ya sukari. Muwa na mhindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mgunga na miti mingi inayotembelewa na nyuki, kwa hiyo kaboni ya sukari ya miwa ina sehemu kubwa zaidi ya ile nzito. Chemsha, koroga, alama hiyo haifutiki.

Hata hivyo, kipimo kimoja hudanganywa. Ulaya kuna tunda dogo jeusi, bilberi, linalotengenezwa dawa. Mwaka 2006 wanasayansi wa Australia walieleza juu ya unga uliouzwa kama bilberi. Kipimo cha wekundu kiliusifu. Walipotenganisha rangi moja moja, wakakuta rangi ya kiwandani iitwayo amaranti. Kipimo cha kwanza kilihesabu wekundu, hakikuuliza umetoka wapi. Na kwa asali ni hivyo hivyo: sukari ya mchele hupita kipimo cha kaboni, kwani mchele uko upande mmoja na miti yetu. Ndiyo maana wapimaji hutumia njia nyingi pamoja. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba kati ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, 46 kwa mia zilitiliwa shaka. Wanunuzi wameamka.

Basi sisi tufanye nini?

1. Kila ndoo iandikwe namba ya mwanachama na tarehe kabla ya kuchanganya.

2. Toeni chupa ndogo katika kila ndoo, ifungwe mbele ya mwenyewe, itunzwe na katibu mahali pa baridi na giza.

3. Vuneni masega yaliyozibwa tu, na msichemshe asali motoni.

4. Changeni mnunue refraktometa ya mkononi. Tone moja, unachungulia kwenye mwanga, unasoma maji. Lakini kumbukeni, hiyo hukamata maji, haikamati sukari.

5. Adhabu iandikwe kabla ya mavuno, si baada ya ugomvi. Sheria ya Kenya, Sura 254, inakataza kuuza chakula kilichoghushiwa, kwa hiyo hili si jambo la kikundi peke yake.

Malalamiko yakija, chupa zenye shaka ndizo ziende maabara, si majina ya watu yaende sokoni. Asiye na kosa atasafishwa na chupa yake mwenyewe.

Chupa na kalamu tunaweza kuzipata kabla ya mavuno yajayo. Tuanze na hizo.