Macho Makavu Wakati wa Usiku
Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Doha



Mara hii sikuombwa kuzungumzia pasi za kusafiria wala mirathi, mambo ambayo mtumishi wa serikali aliyestaafu hudhaniwa kuyajua, bali nimeombwa nizungumze juu ya macho. Mimi si tabibu. Ni mtu aliyetoka Tanga akafika hapa mwaka 1997 akiwa mtu mzima, na ambaye kwa miaka mingi sasa huamka alfajiri akihisi kana kwamba mchanga umemwagwa chini ya kope zake. Nilipoulizia humu ndani niliona kuwa wenzangu si haba. Wako waliojiambia kwamba ni uzee tu. Wako wanaoogopa kimyakimya kwamba wanapofuka, na mzee wetu mmoja alikwisha kufunga masanduku arejee nyumbani kwa hofu hiyo peke yake.

Chozi si maji matupu. Juu yake huelea utando mwembamba wa mafuta, yatokayo katika tezi ndogo zilizopangana ukingoni mwa kope, na kazi ya mafuta hayo ni kuyazuia maji yasikauke upesi. Chini yake mna ute unaoyashikiza maji kwenye jicho. Mchana, kila tunapopepesa, tunaupaka utando huo upya. Usiku hatupepesi, na machozi yenyewe hutengenezwa kwa uchache sana. Ulinzi uliobaki ni kope lililofungwa. Basi kope lisipofunga sawasawa, au mafuta yakiwa haba, jicho hukesha likikauka.

Sasa itazameni Doha. Mtu wa pwani yetu akishuka hapa mwezi wa Agosti, miwani ikamjaa mvuke mara tu atokapo mlangoni, hawezi kusadiki kwamba mji huu hukausha macho. Lakini hatulali nje. Tunalala chini ya kiyoyozi, na kiyoyozi hakipozi tu, bali hukamua unyevu. Yale maji yanayodondoka kutoka katika bomba lake nje ya ukuta yalikuwa katika hewa ya chumba chako. Ongezeni upepo wa shamali, uvumao kutoka kaskazini-magharibi, hasa mwezi wa Juni na Julai, ukileta vumbi laini lipenyalo hata penye dirisha lililofungwa.

Kwa maoni yangu wanaoumia zaidi si sisi wazee, bali vijana wetu wa vyumba vya pamoja. Kijana hupewa kitanda cha juu, usawa wa mdomo wa kiyoyozi, naye hana kauli juu ya kiyoyozi hicho, kwa kuwa rimoti iko kwa aliyetangulia kuhamia. Akiwa dereva au mlinzi wa zamu ya usiku, hulala mchana katika baridi hiyo, kisha jioni hushika usukani huku macho yamefanya ukungu. Kwake jambo hili ni kazi na uhai. Namshauri ahamishie kichwa upande wa miguu, ayaelekeze mabapa ya kiyoyozi yatazame dari, na afunge kitambaa laini cha kulalia machoni. Pangaboi nalo lisimpulizie usoni. Beseni la maji au taulo bichi chumbani huongeza unyevu kidogo mno. Watu hulisifu kupita kiasi.

Lipo jambo ambalo mwenyewe huwezi kulijua, nalo ni kama unalala macho wazi. Mwombeni mke, mume au mtoto awatazame usingizini kwa mwanga hafifu. Ukionekana weupe wa jicho kati ya kope, mpelekeeni daktari habari hiyo. Aliyepooza upande mmoja wa uso asingoje hata siku moja, maana konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ikikaa wazi huchubuka, na mchubuko waweza kuwa kidonda kiachacho kovu. Hali kadhalika ndugu zetu waliokulia sehemu kavu kama Kongwa, mkoani Dodoma, ambako trakoma, yaani vikope, ilisumbua vizazi kwa vizazi. Ugonjwa huo huacha makovu ndani ya kope, na hatimaye nywele za kope hupinda zikakwaruza jicho. Mtu wa namna hiyo hatasaidiwa na kuhamisha kitanda. Anahitaji kope lake likaguliwe, na pengine lifanyiwe upasuaji.

Kwa wengi wetu tuliobaki, tiba ya usiku ni nyepesi. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu, yasiyounguza, hukandwa juu ya kope zilizofumbwa kwa muda wa dakika 5 hadi 10, ili mafuta yaliyoganda katika tezi yalainike. Kisha, ukiwa tayari umekaa kitandani, vuta kope la chini na uweke marhamu ya kulainisha macho, kiasi cha punje ya mchele. Marhamu hayo hutia ukungu, kwa hiyo msiyapake kabla ya kuendesha gari wala kabla ya kushuka ngazi. Mchana yanafaa machozi ya bandia. Mwenye kuyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku achague yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhia. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole. Mwaka 2023 huko Marekani machozi ya bandia yaliyoingiliwa na bakteria yaliwapofusha watu kadhaa, na wengine walifariki.

Waliouliza juu ya mwezi wa Ramadhani: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1997, lilitamka kwamba matone ya macho hayafunguzi. Mwenye kubaki na shaka ana usiku mzima wa kuyatumia.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kila tunapokwenda likizo, nyumbani hutuagiza dawa ya macho, nasi hujaza masanduku. Dawa inayopendwa ni ile inayoondoa wekundu kwa usiku mmoja. Aghalabu ndani yake mna steroidi, kama vile deksamethasoni. Dawa hizo zina kazi yake mkononi mwa daktari apimaye presha ya jicho. Zikitumiwa miezi na miaka bila kupimwa, huweza kuipandisha presha hiyo pasipo maumivu, zikaleta glakoma, na pia mtoto wa jicho. Shangazi yetu mmoja aliitumia chupa baada ya chupa, akituombea dua kwa zawadi. Leo jicho lake la kushoto halioni, na kwa glakoma kinachopotea hakirudi. Wala ukavu wenyewe haukupona. Basi tukiagizwa, tupeleke marhamu ya kulainisha. Na wanja wa kununua sokoni tuuache, kwa kuwa aina nyingine zimekutwa na madini ya risasi.

Ukavu ukiandamana na kinywa kikavu na viungo kuuma, mwambieni daktari yote matatu kwa pamoja. Na vidonge vya mzio mnavyomeza kwa ajili ya mafua ya vumbi mvitaje pia, maana baadhi yake hukausha macho. Jicho likiuma kwa nguvu, likichukia mwanga, au uoni ukipungua, msipake chochote mlichonacho nyumbani. Nendeni na kadi ya afya katika kituo chenu, nao watawapeleka hospitali ikihitajika. Na kama ni usiku, nendeni moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya Hamad.

Baada ya chakula nitakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Walio na chupa za macho katika mikoba yao wazilete, tusome pamoja kilichoandikwa.